Nimesahau Ugoro

Mwanangu Anaeli,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya ukoo mzima, wa mlimani na wa tambarare, natangaza kifo cha jogoo mwekundu wa mama yako. Marehemu amefariki leo mchana nyuma ya zizi, baada ya kunikimbiza, au mimi kumkimbiza, mashahidi hawakubaliani, kuanzia mgombani hadi kwenye kisiki cha mtarakwa, ambapo nilijikwaa nikaangukia kinyesi cha ng'ombe. Aliyemkamata ni mama yako, kwa mkono mmoja, ule mwingine ukiwa bado na mwiko. Marehemu ameacha matetea kadhaa ambao hawajaonyesha huzuni yoyote. Maziko ni jioni hii, chunguni, na wewe ndiwe mgeni wa heshima.

Hiyo ndiyo habari kubwa ya nyumbani: mtoto wa mwindaji kashindwa na kuku.

Nakuandikia jua likiwa bado juu, kwa sababu macho yangu siku hizi yanafunga duka mapema. Nimekaa nje, mgongo ukutani, kibao chako cha shule nimekiweka magotini kama meza. Nakusikia huko kwa jirani unaaga watu, unacheka kwa ile sauti yako mpya ya askari. Cheka tu. Ungekuwa hapa ungeinama begani kwangu unisahihishe. Nakumbuka mwalimu wa misheni aliponiketisha kati ya watoto, mimi na ndevu zangu, magoti yakinifika masikioni, nawe benchi la mbele ukageuka ukasema mbele ya wote, "Baba, hiyo ni b, si d." Nimekusamehe. Karibu nimekusamehe. Na kama unashangaa kwa nini baba yako anakuandikia Kiswahili, ni kwa sababu lugha ya nyumbani nikijaribu kuiweka kwenye karatasi inanikimbia kama yule jogoo.

Mambo ya blanketi, funza wa miguuni, maji ya madimbwi na wanawake wa mjini, mama yako amekwisha kukuambia, na kwa hayo ya mwisho nadhani alinitazama mimi. Siyarudii. Mimi nataka kukuambia habari ya jina.

Juzi tuliposhuka kwenda bomani kwa Wadachi ukaandikwe askari, nilikuacha utangulie. Nilisema goti linaniuma. Goti haliumi. Nilitaka kukutazama ukitembea. Ulivuka mto Nduruma unapiga mluzi, ukavuka Themi unaruka juu ya mawe kama mbuzi, nami nyuma nikipapasa kwa fimbo, nikijifanya nachagua pa kukanyaga kwa ajili ya umri na heshima. Tukafika. Vijana wamepanga mstari chini ya ukuta, na yule karani wa pwani mwenye kofia nyeupe anauliza majina. Ukasema Anaeli. Akauliza, wa nani? Nawe, badala ya kunitaja mimi niliyesimama pale na kikapu chako, ukataja lile jina la sifa la babu yako, kwa lugha yetu, kwa sauti, ili wenzako wasikie. Karani akataka kujua maana yake. Ukamwambia ni mtu asiyegeuza mgongo. Akakuna sikio kwa kalamu, akaandika, akasoma alichoandika: "Anaeli Asiyerudi." Yule askari mwenye makovu akacheka, akakupiga begani, akasema hilo ni jina la askari hasa. Ukacheka na wewe. Mimi nikatazama ukuta.

Kwa lugha yetu jina lile lina maana moja. Kwa Kiswahili cha yule karani lina mbili, na ile ya pili ilinifuata njia nzima hadi nyumbani.

Sitaki kukutisha. Lakini wewe una macho mazuri kuliko yangu, kwa hiyo umeona. Wale vijana wa ng'ambo ya kijito waliochukuliwa kubeba mizigo ya Wadachi kwenda upande wa mpaka, hajarudi hata mmoja. Imerudi kamba ya mmoja wao, imeletwa na mtu aliyeiokota njiani akaitambua kwa fundo. Mama yake ameitundika mlangoni. Leo ukipita kuwaaga hutaiona, kwa sababu wameishusha kwa heshima yako. Nilimwona akiishusha. Na upepo ukivuma kutoka Arusha, tarumbeta ya bomani ikifika huku, mbwa wetu anaingia ndani na kulala chini ya kitanda, mbwa ambaye haogopi hata fisi. Mlima umejifunika wingu tangu juzi. Mama yako anasema ni mvua. Nami nasema ni mvua.

Basi tuzungumze habari za ugoro.

Babu yako alikuwa na pembe ndogo ya swala, mdomo wake umezibwa kwa ngozi, ndani yake ugoro. Ilining'inia kifuani mwake tangu nimfahamu. Alilala nayo. Alioga nayo, siku alizooga. Angeweza kumsahau mama, angeweza kuwasahau watoto, na mara moja alituacha kweli sokoni, lakini pembe ile hakupata kuiacha hata siku moja.

Sasa, msituni kulikuwa na sheria. Mkubwa hutangulia, wadogo hufuata, na hakuna mtoto anayempita baba yake njiani. Na mkubwa akiona mbele jambo asilolipenda, hataji hofu. Hasemi turudi. Anasema tu, kwa sauti ya mtu aliye uani kwake, "Nimesahau ugoro." Neno hilo ni la mkubwa peke yake. Likisemwa, wote wanageuka, wa nyuma anakuwa wa mbele, na hakuna anayeuliza kitu mpaka moshi wa nyumbani uonekane. Wala hakuna anayecheka, si siku hiyo, si mwaka huo. Mtu amesahau ugoro wake, anakwenda kuuchukua. Aibu iko wapi?

Siku yangu ya kwanza kulisikia nilikuwa na mkuki mpya na akili nyingi kuliko zilizonitosha. Baba akasimama, akasema lile neno. Nami, kwa nia ya kusaidia, nikasema kwa sauti safi, "Baba, si huo hapo kifuani?"

Nyati aliyekuwa amelala kichakani alinisikia vizuri. Alitoka, akampata mbwa wetu wa madoa, aliyekuwa amekwisha kugeuka kurudi kama mbwa mwenye adabu. Sisi tulipanda miti. Jioni baba alimbeba yule mbwa mabegani mpaka nyumbani, akamzika mgombani. Hakunisema. Hakunichapa. Mpaka leo nasubiri anichape.

Miaka ikapita kama ulivyosikia. Ng'ombe wakafa kwa sotoka, njaa ikaingia, Wadachi wakaja, boma likajengwa kwa migongo yetu. Ndugu yangu, huyu baba yako mdogo, akaenda upande wa kaskazini wa mlima kuwafuatia Makaburu nyayo za wanyama, kazi ambayo mpaka leo inamfanya atembee kana kwamba ardhi nzima imeandikwa kwa ajili yake. Msafara wa uwindaji ukapungua mpaka tukabaki wawili, mimi na baba.

Na macho ya baba yakaanza kuingia ukungu. Taratibu, kama wingu linavyoshuka huku kwetu, hujui limeanza saa ngapi ila unaona mgomba wa mwisho haupo. Hakuniambia. Nami sikumwambia kwamba najua. Ungetuona ungecheka: asiyeona ametangulia na mkuki, anayeona anafuata nyuma, kwa heshima.

Akabuni mchezo. Anasimama, anasema, "Hebu nione kama umejifunza kutazama. Pale kuna nini?" Nami namweleza: mbega wawili juu ya ule mti ulioinama, kwato za pongo, za jana, zimejaa maji. Anatikisa kichwa. "Vema. Nilitaka kujua kama umeona." Mwongo mkubwa. Nikimpeleka mkono kwenye wayo, anaugusa kingo kwa kidole kimoja na kuniambia mnyama alikuwa na haraka au hakuwa nayo, ameshiba au hajashiba, na mimi mwenye macho mawili nilikuwa naona tope tu.

Lakini sikuwa na subira, mwanangu. Nilikuwa na mke, na wewe unakula kama nzige, ndiyo maana babu yako alikuita Nzige. Nilitaka nyama. Na baba alikuwa anasahau ugoro kila safari. Alisahau ugoro kwa ajili ya kisiki. Alisahau ugoro kwa ajili ya jiwe lililoporomoka. Tunarudi mikono mitupu, wanawake kijitoni wananiuliza, bila kuinua macho kwenye nguo wanazofua, kama leo ugoro umeonekana. Nikaanza kuwa na visingizio: shamba, misheni, kikohozi. Kiangazi kizima kimoja nilimwacha akae mlangoni na mkuki wake ameusimamisha ukutani, akisikiliza nyayo zangu zikipita. Aliuliza tu, "Leo je?" Nikasema kesho. Ningeweza kukupa mashauri mengi kuhusu maisha, na yote ningekuwa nimeyaokota kwa watu. Lakini kiangazi kile ni changu mwenyewe. Kila mwaka majani yakikauka nakisikia kile "Leo je?"

Masika yalipokwisha nikaenda nikamwambia twende. Alisimama haraka mno kwa mzee wa umri wake, akagonga kichwa kwenye mlango.

Siku moja ya safari zile mvua ilitushika mbali, tukajibana chini ya mwamba, ngozi moja ya ng'ombe imetufunika wawili. Hatukuua kitu. Tulichoma ndizi juu ya moto uliokuwa na moshi kuliko joto, na akanieleza jinsi kijana mmoja alivyokutana na kifaru kule chini tambarare, akakimbia, ngozi aliyovaa ikanasa kwenye miiba, akaiacha hapo, akaingia kijijini uchi kwa njia ya nyuma ya migomba, mkono mmoja mbele na mmoja nyuma, akakutana na msichana anakata majani ya mbuzi. Msichana alimtazama, akampa mzigo wa majani ajifunike, akaenda zake. Nikamuuliza kijana huyo alikuwa nani. Akanusa ugoro, akapiga chafya, akasema, "Muulize mama yako." Nilicheka mpaka nikalia. Harufu ya ngozi mbichi na ndizi zilizoungua bado iko puani mwangu. Kama ningeambiwa nichague siku moja ya kuirudia, nisingechagua harusi wala siku uliyozaliwa, unisamehe. Ningechagua ile, na sikujua wakati ule kwamba ni siku ya kuchaguliwa. Nilikuwa nawaza nyama.

Sasa twende kwenye nyati, yule unayemjua, kwa sababu umelelewa naye. Baba yako mdogo amekusimulia mara ngapi: jinsi babu yako na mimi tulivyokutana na nyati mkiwa, yule mzee anayetembea peke yake, kwenye njia nyembamba juu ya kijito, jinsi babu yako alivyosimama na mkuki asigeuze mgongo, akamtazama nyati machoni mpaka nyati akaona haya akaenda zake. Alilisoma jambo lote ardhini, ndugu yangu. Kesho yake alikuja kututembelea, akasikia tumekutana na nyati, akapanda kwenda kuona mwenyewe. Akarudi anang'aa. Akaapa mbele ya wazee: nyayo zote za baba zinatazama mbele, hata moja haikugeuka. Hapo ndipo jina lilipozaliwa. Na wewe ndilo ulilompa karani.

Sikuambii utoroke, Anaeli. Waliotoroka nimewaona wakirudishwa, na nimeona migongo yao. Barua hii ikiokotwa na mtu mwingine, ataona ni mzee mpuuzi anaandika habari za kuku na tumbaku, na atakuwa hajakosea sana. Nakuambia tu kwamba pembe ya babu yako imo ndani ya mfuko wako, chini ya unga. Najua hunusi. Mama yako amekuona ukilala umenyooka kama askari mstarini, amesema ulivyo sasa hata mlango utakupigia saluti. Lakini yeye ndiye aliyeifunga pembe kwenye kitambaa. Lile neno analijua. Hakufundishwa na mimi, alifundishwa na mama yangu.

Nawe utakuwa na mtu mbele yako anayeitwa mkubwa, na pengine haoni. Itakuwaje hapo, mimi sijui. Mimi najua ilivyokuwa kwetu tu, na sijapata kumweleza mtu, kwa sababu baba alinikataza mradi yu hai, na alipokufa, kitandani, kwa kikohozi, ameshiba uji, jina lilikuwa limekwisha kuwa kubwa kuliko sisi.

Ilikuwa hivi.

Tulikuwa tunapanda, yeye mbele. Njia ilikuwa imebanwa, mkono huu mwamba, mkono huu bonde. Ndege wakanyamaza. Nikainua macho juu ya bega la baba, nikamwona nyati amesimama katikati ya njia, karibu kuliko nilivyo mimi na zizi hapa. Tope limemkauka usoni. Anatutazama. Na baba anaendelea kutembea.

Hakuwa akimwendea. Hakumwona. Upepo ulitoka nyuma yetu, pua yake haikumsaidia. Alikuwa anatembea kama mtu anayekwenda kisimani kwake, na mimi nyuma yake nina macho mazuri. Kumpita ni mwiko. Kumshika mkubwa na kumvuta msituni ni mwiko. Kupiga kelele nilikwisha kujifunza kwa mbwa wa madoa. Na neno halikuwa langu.

Nikalisema. Nikaligeuza kidogo, ili nisimwibie. Nikasema taratibu, "Baba, umesahau ugoro."

Alisimama. Niliona shingo yake. Mkono wake wa kushoto ukapanda kifuani, ukaikuta pembe, vidole vikaizunguka vikabaki hapo. Alikuwa anajua ipo. Mimi nilijua ipo. Nadhani alisimama hivyo akifikiri mambo mengi ambayo mwanamume hufikiri siku anapoambiwa na mwanawe kwamba haoni, na wakati wote ule nyati alikuwa anapumua, nilimsikia, na baba naye sasa alimsikia.

Halafu akasema, kwa sauti ya uani kwake, "Kumbe. Nimesahau ugoro." Na chini kidogo, "Nishike."

Nikashika pindo la ngozi yake kwa nyuma. Hakugeuka, kwa sababu nyati mkiwa ukimpa mgongo ni wako. Alinyoosha mkuki kuelekea mahali aliposikia pumzi, na mimi nikaanza kurudi kinyumenyume nikimvuta, naye akirudi kinyumenyume akinifuata, kisigino kwa kisigino, kama watoto wanaocheza. Mkuki wake ulikuwa umeelekea pembeni, kwenye mti. Sikumwambia. Tulikwenda hivyo mpaka kwenye kona. Baada ya kona tukaingia kijitoni, tukashuka na maji mpaka chini. Ndiyo maana nyayo zote zilitazama mbele, na ndiyo maana za kurudi ndugu yangu hakuziona. Hakuna aliyesimama pale, mwanangu. Hakuna aliyemtia nyati haya. Sifa yote ya nyumba yetu ni watu wawili waliorudi nyuma bila kugeuka.

Kijitoni baba alianza kucheka. Akauliza alikuwa mkubwa kiasi gani. Nikamwambia kama nyumba ya mjomba. Akacheka tena, akakosa kukanyaga, nikamdaka, na tangu pale hakuniachia mkono. Akasema, "Neno lile sasa ni lako." Na kesho yake, ndugu yangu aliporudi anang'aa, baba akaninong'oneza nimwache aseme atakavyosema, maana analipwa kwa kusoma nyayo na si vizuri kumharibia mtu kazi.

Baada ya hapo tuliendelea kwenda msituni, lakini ukingoni tu, kwenye lile gogo unalolijua. Mikuki tuliiacha nyumbani. Namweleza ninachoona, ananieleza alichosikia. Watu walidhani tunawinda.

Siku ile ya nyati tulifika nyumbani jua likiwa bado juu, kama sasa. Miguu imelowa, mikono mitupu, wazee wawili, maana na mimi nilikuwa nimezeeka tangu asubuhi. Mama yangu alikuwa anamenya ndizi mlangoni. Akauliza mbona mapema.

Baba akasema, "Nimesahau ugoro."

Mama aliitazama ile pembe kifuani mwake. Akautazama mkono wake ulioshika wangu. Akasogea kidogo kutupa nafasi ya kukaa, akaongeza ndizi chunguni.